UZI: Kuchora saketi za mantiki bila transista: seli za nukta-kwantamu (QCA), na kwa nini saa ndiyo kazi yenyewe

#1 Mchora_Saketi

Wakuu, habari za jioni.

Kila mada ya QCA (quantum-dot cellular automata, seli za nukta zinazobeba 0 na 1) ikiibuka humu ndani maswali huwa yaleyale: geti la NA (AND) linachorwaje, kwa nini tokeo langu haliendani na jedwali la ukweli, na kitu hiki kina faida gani wakati transista zipo. Nimeona tufungue uzi mmoja tuyamalize hapa. Naanza na seli moja, nafika kwenye kijumlishi kamili, kisha mwenye swali aulize.

Kuna jambo moja nataka mlishike mapema. Darasani tumezoea kuandika jedwali la ukweli, kurahisisha kwa ramani ya Karnaugh, kuchora mageti, halafu kuyaunganisha kwa mistari ambayo hatuihesabu popote. Kwenye QCA waya umejengwa kwa seli zilezile zinazojenga geti. Unakula nafasi ileile na unakula muda uleule. Anayechora mageti kwanza na kuziacha nyaya na saa mpaka mwisho atabomoa kila kitu na kuanza upya. Nimewaona wengi sana wakikwama hapo, na inaniuma kwa sababu ni jambo linaloelezeka.

Seli

Wazo lenyewe lilitoka Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, mwaka 1993: Craig Lent, Douglas Tougaw, Wolfgang Porod na Gary Bernstein. Seli ni mraba wenye nukta nne, moja kila pembe. Nukta ni kijishimo cha nishati cha nanomita chache ambamo elektroni inanaswa. Ndani ya seli mnawekwa elektroni mbili za ziada. Zinaweza kupenya kutoka nukta hadi nukta ndani ya seli yao, ila hazitoki nje. Kwa kuwa zinasukumana, kila moja inakaa mbali na mwenzake kadiri inavyowezekana, yaani kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari. Mraba una mishazari miwili tu. Mmoja tunauita polaraizesheni +1, ndiyo 1 ya mantiki. Mwingine ni −1, ndiyo 0.

Hakuna mkondo wa umeme unaotoka seli moja kwenda nyingine. Jirani anahisi chaji za jirani yake na kujipanga, basi.

Sasa tushuke kwenye tarakimu, kwa sababu hapa ndipo saketi nzima inapozaliwa. Programu ya QCADesigner ya kuchora na kuiga saketi hizi, ambayo wengi wenu mnaitumia, huja na seli ya nanomita 18 kwa 18, nukta za kipenyo cha nanomita 5, na umbali wa nanomita 20 kutoka katikati ya seli hadi katikati ya seli ya jirani. Nukta za seli moja ziko nanomita 9 kutoka moja hadi nyingine. Kiwango cha dielektriki, yaani nyenzo inadhoofisha msukumano wa chaji mara ngapi, ni 12.9, cha galiamu arsenaidi. Chukua seli mbili za namna hiyo zikiwa bega kwa bega. Jumlisha nishati ya Coulomb ya jozi zote 16 za nukta seli zikiwa na hali moja, kisha rudia zikiwa na hali tofauti. Utakuta hali moja ndiyo ya chini, na tofauti ni karibu milielektronivolti 1.5. Hiyo ndiyo nishati ya kinki, gharama ya seli kumkatalia jirani yake.

Sasa isogeze seli ya pili ikae kwa mshazari, nanomita 20 kulia na 20 juu. Rudia hesabu ileile. Alama inageuka! Safari hii hali tofauti ndizo zenye nishati ya chini, na tofauti imeshuka hadi karibu milielektronivolti 0.32.

Ukizitazama hizo namba mbili umeshaona vifaa viwili. Seli zikipangwa kwa mstari unapata waya. Zikigusana kwa pembe unapata kigeuzi, yaani geti la SI (NOT). Na unaona pia kwa nini kigeuzi cha kona moja ni dhaifu: nguvu yake haifiki robo ya nguvu ya waya. Ndiyo maana kigeuzi imara huchorwa kwa kuugawa waya matawi mawili, kisha matawi yote mawili yakaigusa seli ya mbele kwa pembe, moja toka juu na moja toka chini. Zikisukuma pamoja, seli ya mbele haina pa kukwepea.

Geti la wengi

Panga seli tano kama alama ya kujumlisha. Tatu ni maingizo A, B na C, ya katikati inaamua, ya tano ni tokeo. Ya katikati inafuata wengi: M(A,B,C) = AB + BC + CA. Ukifunga ingizo moja kwenye 0 unabaki na geti la NA. Ukilifunga kwenye 1 unapata la AU (OR). Ukiongeza kigeuzi, saketi yoyote ya mantiki inajengeka.

Lakini ukifunga ingizo kila mahali unatupa theluthi ya uwezo wa geti. Msitafsiri saketi ya NA na AU neno kwa neno. Tafuteni umbo la wengi lililojificha ndani ya kazi yenyewe. Kijumlishi kitaonyesha ninachosema.

Saa

Hapa ndipo pa kutulia. Waya wa seli tupu hauna mwelekeo. Ukibadilisha ingizo upande mmoja, taarifa inaweza kukwama katikati, au kosa likatokea upande wa pili likarudi nyuma. Kinachoipa saketi mwelekeo ni saa, nayo si mapigo ya kuamsha vihifadhi kama kwenye saketi za kawaida. Ni uga wa umeme unaopandisha na kushusha vizuizi kati ya nukta.

Seli inapitia awamu nne. Kubadilika: kizuizi kinapanda taratibu na seli inajipanga kufuata jirani. Kushikilia: kizuizi kiko juu, elektroni haziendi popote. Kuachia: kizuizi kinashuka. Kupumzika: seli haina upande wowote, haimsukumi mtu. Saketi inagawanywa kanda nne, ukanda 0 hadi 3, kila mmoja ukichelewa robo ya mzunguko nyuma ya uliotangulia. Ni kama mafundi wanaopokezana matofali kwa mstari: unayepokea unamtazama aliyeshika tofali, huku wa mbele yako mikono yake ikiwa mitupu. Ukanda wa 2 ukiwa unabadilika, wa 1 unashikilia, wa 0 unaachia, wa 3 umepumzika. Kwa hiyo taarifa haina njia ila mbele.

Na vizuizi hivyo ndivyo vinavyoleta nishati ya kurudisha ishara iliyochoka kwenye ukamilifu wake. Saa ni chanzo cha nguvu cha saketi.

Kijumlishi kamili

Hiki hujumlisha biti A na B pamoja na C iliyobebwa kutoka hatua ya nyuma, kikatoa Jumla na Beba ya kwenda hatua ya mbele. Tougaw na Lent kwenye kazi yao ya 1994 walikichora kwa mageti matano ya wengi na vigeuzi vitatu. Baadaye, 2003, kundi la Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, likapata umbo la mageti matatu na vigeuzi viwili:

Beba = M(A, B, C)
Jumla = M(SI Beba, C, M(A, B, SI C))

Pima kwa A=1, B=0, C=1. Beba ni 1. Geti la ndani ni M(1,0,0) = 0. Jumla ni M(0,1,0) = 0. Sahihi, 1 na 1 ni 0 unabeba 1. Pimeni safu nyingine saba wenyewe.

Tazama sasa C. Inahitajika mara tatu: kwenye Beba, kwenye geti la ndani ikiwa imegeuzwa, na kwenye geti la mwisho ikiwa kama ilivyo. Tuseme maingizo yako ukanda 0, mageti mawili ya kwanza ukanda 1, la mwisho ukanda 2. Mchoraji anaona C iko karibu na geti la mwisho, anaivusha moja kwa moja kutoka ukanda 0 hadi ukanda 2 ili aokoe seli. Kwenye karatasi ni sahihi. Kwenye saa, ukanda 2 unapobadilika ukanda 0 tayari unaachia, na C inayeyuka wakati inahitajika. Geti linabaki na sauti mbili halali na moja inayofifia. Dawa ni kuipitisha C ndani ya ukanda 1 kama waya mtupu usiofanya kazi yoyote ila kungoja. Waya wa kungoja ni sehemu ya kijumlishi sawa na geti.

Karibuni.

---

#2 Kijana_wa_Mantiki

Shikamoo mkuu, asante kwa darasa. Niko mwaka wa tatu, mradi wangu ni huuhuu. Nimechora geti la NA kwenye QCADesigner, maingizo A na B, la tatu nimelifunga −1. Kwa A=1 na B=1 tokeo linapanda mpaka karibu 0.4 tu, wakati mwingine linabaki hasi kabisa. Safu nyingine ziko sawa. Mkono wa A una seli sita, wa B una mbili. Zote ukanda 0 pamoja na seli ya katikati. Shida ni nini?

---

#3 Mchora_Saketi

Marahaba. Umetoa maelezo ya kutosha, jibu limo humohumo.

Seli ya katikati iko ukanda mmoja na mikono. Ukanda 0 ukianza kubadilika, seli uliyoifunga −1 tayari ina nguvu kamili, haingoji saa. Iko jirani kabisa na ya katikati. B iko mbali kwa seli mbili, A kwa sita. Kabla A haijafika, katikati imeshasikia −1 peke yake na kuanza kuegemea huko. Ndiyo maana kesi inayoharibika ni ile tu ambayo A na B zinatakiwa kuishinda seli iliyofungwa. Nyingine zinapona kwa sababu jibu lao ni 0 hata hivyo.

Weka mikono yote mitatu ukanda 0. Seli ya katikati na ya tokeo zihamie ukanda 1. Sasa katikati inaanza kuchagua wakati mikono yote imeshashikilia, na urefu wa mkono hauna maana tena.

Halafu mambo mawili ya programu. Tokeo la mzunguko wa kwanza kabisa usilisome, saketi bado haijajaa. Na kwenye injini ya hali mbili (bistable), mojawapo ya njia za programu kukokotoa, angalia nusu kipenyo cha athari: inayokuja nayo ni nanomita 65, yaani seli inasikia majirani mpaka wa tatu. Kama una waya mwingine unapita sambamba, acha safu tupu katikati. Mvuto kati ya seli mbili unashuka takriban kwa kipeo cha tano cha umbali: ukiongeza umbali mara mbili unapungua karibu mara 32. Safu moja tupu inatosha mara nyingi, mbili ni salama.

---

#4 Bi_Transista

Nimeusoma wote, na naheshimu kazi iliyowekwa. Ila niulize bila kuzunguka, maana nimefanya kazi na saketi za silikoni maisha yangu yote: kuna mtu amewahi kutengeneza hiki kitu kikafanya kazi mkononi, au ni picha za kompyuta? Na kama kipo, kinafanya kazi kwenye jotoridi gani? Wanafunzi wetu wanapewa miradi ya QCA kila mwaka na hakuna anayewaambia hili.

---

#5 Mchora_Saketi

Dada, swali lako ni la haki na wanafunzi wanastahili kuambiwa.

Kimetengenezwa. Mwaka 1997 kundi lilelile la Notre Dame lilionyesha seli moja inayofanya kazi, kwa visiwa vidogo vya alumini vilivyotenganishwa na oksidi nyembamba ambayo elektroni hupenya. Mwaka 1999 wakaonyesha geti la wengi. Vyote viwili vilikuwa ndani ya jokofu la maabara, chini ya kelvini 1. Hiyo ndiyo bei.

Sababu iko kwenye ile milielektronivolti 1.5. Jotoridi la chumbani lina nishati ya karibu milielektronivolti 26. Mtikisiko wa joto ni mkubwa mara 17 kuliko kinachowashikanisha majirani, kwa hiyo seli za nanomita 18 chumbani hazina mantiki yoyote. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalipimi. Waya ukirefuka, nafasi za kinki kutokea zinaongezeka. Lent na Tougaw waliandika kwamba waya wa seli N unashikilia tu ikiwa nishati ya kinki inazidi nishati ya joto mara logi asilia ya N. Weka namba zetu: kwenye kelvini 4, baridi ya heliamu ya maji, kikomo ni seli 70 hivi ndani ya ukanda mmoja. Kwenye kelvini 10 ni seli 5 au 6. Nasi tunachora saketi zenye nyaya za seli 40 ukanda mmoja, na programu inatuchorea mawimbi safi.

Njia za kutoka ziko tatu. Ya kwanza ni kufanya seli ndogo. Ukipunguza vipimo mara 10 nishati ya kinki inapanda mara 10, na ukiondoa galiamu arsenaidi, ukabaki na ombwe kati ya chaji, inapanda karibu mara 13 nyingine. Unafika milielektronivolti 190 hivi, na hapo chumbani panawezekana. Seli ya nanomita 2 ni molekuli, ndiyo maana kuna kundi kubwa linalohangaika na molekuli.

Ya pili ni sumaku. Cambridge mwaka 2000, Cowburn na Welland, walitumia visumaku vidogo badala ya elektroni, kwenye jotoridi la chumbani. Mwaka 2006 Notre Dame wakaonyesha geti la wengi la visumaku, nalo la chumbani. Ni la polepole, lakini lipo.

Ya tatu ndiyo inayonisisimua zaidi. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kundi la Robert Wolkow. Uso wa silikoni umefunikwa na haidrojeni. Kwa ncha ya hadubini wanang'oa atomu moja ya haidrojeni, na atomu ya silikoni iliyobaki na bondi isiyo na mwenzi inakuwa nukta. Nukta ya atomu moja! Mwaka 2018 walionyesha geti la AU lenye eneo lisilofika nanomita za mraba 30. Walilifanyia kazi kwenye baridi, lakini nukta zao ni ndogo vya kutosha kuipa njia hii matumaini ya kweli.

Kuhusu faida: kukosa mkondo kati ya seli na kubadilika taratibu kunapunguza joto sana. Si kwamba joto linaisha. Geti la wengi linaingiza biti tatu na kutoa moja, taarifa inapotea, na kila biti inayofutwa ina gharama yake ya chini, karibu juli 2.9 × 10⁻²¹ kwenye kelvini 300.

Hakuna kichakataji cha QCA sokoni, na anayemwambia mwanafunzi vinginevyo anamdanganya.

---

#6 Bi_Transista

Hilo la seli 70 kwenye kelvini 4 ndilo nilikuwa nalitafuta. Nashukuru. Liwekwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila ripoti.

---

#7 nairobi_biti

Hamjambo wote. Nawafuata kutoka Nairobi. Vile nimeelewa, kila kitu kiko juu ya uso mmoja. Sasa nyaya mbili zikitaka kupishana inakuwaje? Kwenye bodi ya kawaida natoboa nashuka tabaka la pili. Nimeona kwenye tarakilishi yangu kuna kitufe cha kuongeza tabaka, lakini sijui kama ni kitu kinachowezekana ama ni programu tu inaniruhusu.

---

#8 Mchora_Saketi

Karibu ndugu. Kuna njia tatu, nazo hazilingani.

Tabaka nyingi: programu inaruhusu, umbali kati ya tabaka ni nanomita 11.5 ikija. Ishara inapanda kwa seli zilizorundikana, inapita juu, inashuka. Kwenye kioo inapendeza. Kwenye maabara ni kupanga nukta za nanomita chache juu ya nukta nyingine bila kukosea, na saa ifike kila tabaka. Majaribio niliyoyataja juu yote yamefanyika kwenye tabaka moja.

Seli zilizozungushwa nyuzi 45: waya mmoja una seli za kawaida, mwingine una seli ambazo nukta zake ziko juu, chini, kushoto na kulia. Kwa ulinganifu, aina moja haiisukumi nyingine, kwa hiyo zinapishana hapohapo. Kumbuka kwenye waya wa nyuzi 45 ishara inapinduka kila seli. Udhaifu wake: ulinganifu ukiharibika kidogo, seli moja ikisogea nanomita chache, nyaya zinaanza kusikilizana. Na makutano yenyewe yanakatiza mfuatano wa waya mmoja, kwa hiyo pale mshikamano ni hafifu.

Kupishana kwa saa: seli zote za kawaida, tabaka moja. Waya mmoja unavuka ukiwa ukanda 0, wa pili ukiwa ukanda 2. Mmoja ukishikilia mwenzake amepumzika, hana sauti. Ukifika wakati wa wa pili, wa kwanza amepumzika. Mimi nawashauri hii. Inahitaji mpangilio wa saa uwe umefikiriwa tangu mwanzo, na hilo ndilo ninalolipigania kwenye uzi huu.

---

#9 Mwalimu_Fizikia

Mchora Saketi, hongera, umeeleza vizuri. Naongeza na kupinga kidogo. Umesema sana kuhusu saa, lakini mapitio ya majarida yanapima idadi ya seli, eneo na ucheleweshaji. Mwanafunzi akija na kijumlishi cha seli 50 wakati kilichotangulia kina 60, amepiga hatua. Bila kipimo hicho tutalinganishaje kazi za watu?

---

#10 Mchora_Saketi

Mwalimu, nakuheshimu, na nakubali kipimo kinahitajika. Lakini idadi ya seli peke yake inawapeleka vijana pabaya.

Fikiria saa inatoka wapi. Ni uga unaotokana na nyaya za chuma zilizofukiwa chini ya uso wa seli. Nyaya hizo zina upana, haziwezi kuwa nyembamba kama seli moja. Sasa fungua michoro mingi inayosifiwa kwa kuwa na seli chache. Utaona seli mbili za ukanda 0, kando yake tatu za ukanda 2, chini moja ya ukanda 1, zimechanganyika kama madoa. Hakuna mpangilio wa nyaya za chini unaoweza kuzalisha saa ya namna hiyo. Seli 50 za mchoro huo hazijengeki, seli 200 za mchoro wenye kanda zilizonyooka zinajengeka. Mimi nitamsifu wa pili.

Ndiyo maana napenda mipangilio inayoweka kanda kwanza. Ule wa 2DDWave unazipanga kanda kwa mishazari, wimbi linakwenda kulia na chini. Ni safi ila hauruhusu ishara kurudi nyuma, kwa hiyo huwezi kujenga kihifadhi cha mzunguko. Ule wa USE, uliotoka 2016, unagawanya uso wote kuwa miraba ya seli 5 kwa 5, na kila mraba una namba yake ya ukanda. Njia za kurudi zimo. Ukichora juu ya gridi hiyo seli zinaongezeka, eneo linaongezeka, na mchoro unaweza kukabidhiwa mtu wa maabara. Kuna programu huria inaitwa fiction inayopanga mageti na nyaya juu ya gridi hizo yenyewe, na wanaotaka njia ya Alberta wana SiQAD. Zote zinapakuliwa bure na zinaenda kwenye laptopu ya kawaida, ndiyo maana naona mwanafunzi wa huku hana kizuizi cha vifaa kwenye fani hii, kizuizi ni mazoea.

Kama jarida linataka namba, mwanafunzi aandike idadi ya seli, eneo, ucheleweshaji kwa mizunguko, upana wa ukanda mwembamba kuliko wote, na waya mrefu kuliko wote ndani ya ukanda mmoja. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazosema ukweli.

---

#11 Mwalimu_Fizikia

Hizo mbili za mwisho nitaziweka kwenye fomu yetu ya usahihishaji. Kuhusu seli 50 dhidi ya 200 bado nina wasiwasi, kwa sababu mhakiki wa nje hatasoma hoja, atasoma jedwali. Ila nimekuelewa.

---

#12 Kijana_wa_Mantiki

Mkuu imekubali! Nimehamisha katikati ukanda 1, tokeo sasa linasimama juu ya 0.95 kwa safu zote nne. Nimejaribu na kichaguzi cha njia mbili pia, ambapo S inaamua ipite A au B, M(M(A, SI S, 0), M(B, S, 0), 1), kimetoka vizuri baada ya kusawazisha S, maana tawi lake lenye kigeuzi lilikuwa linachelewa ukanda mmoja.

Sasa nataka kujumlisha namba za biti 32 kwa kuunganisha vijumlishi mfululizo. Msimamizi wangu anasema ni rahisi, unarudia kijumlishi kimoja mara 32. Naona saa itanisumbua. Niko sahihi?

---

#13 Mchora_Saketi

Uko sahihi, na nafurahi umeliona kabla hujachora.

Beba ni geti moja la wengi, kwa hiyo ukipanga vizuri linavuka hatua moja kwa ukanda mmoja. Hatua 32 ni kanda 32, yaani mizunguko 8 ya saa kabla biti ya juu haijapata jibu. Huo ucheleweshaji usikutishe, kwa sababu unaweza kuingiza jozi mpya ya namba kila mzunguko bila kungoja ya kwanza itoke.

Kazi iko kwenye kungoja. Biti ya 0 ya A na B inaingia mara moja. Biti ya 1 lazima ifike ukanda mmoja baadaye, kwa sababu ndipo Beba ya kwanza inapofika. Biti ya 31 inangoja kanda 31. Jumlisha 0 hadi 31 upate 496, mara mbili kwa A na B, ni vipande 992 vya waya, kila kimoja ukanda mzima, ambavyo havijumlishi chochote. Na upande wa matokeo ni hivyohivyo kinyume: biti ya 0 ya jibu inatoka mapema na lazima izuiliwe kanda 31 kama unataka jibu lote litoke kwa pamoja. Mageti yako 96 yatazungukwa na pembetatu mbili kubwa za nyaya.

Kwa hiyo kabla ya kuchora muulize msimamizi swali moja: je, namba zinaweza kuingia zikiwa zimepishana, biti ya chini kwanza? Kama saketi inayofuata nayo ni ya kujumlisha, haina haja ya kusawazisha, inapokea biti kwa mpangilio uleule zinavyotoka, na pembetatu zote mbili zinabaki pembeni kabisa mwa mfumo, pale tu unapozungumza na dunia ya nje.

Anza na biti 4. Chora gridi ya kanda kwanza bila seli hata moja, andika kwenye kila mraba ni biti gani inapaswa kuwa pale na ukanda gani, kisha ndipo uweke seli. Ukimaliza weka picha hapa tuikague pamoja.